Ushuhuda wa Wiki Hii

Ukikaa kanisani Jumapili huku mtaani kwetu, haswa kwa zile ibada za vijana, hebu sikiliza shuhuda vizuri. Zote ziko kwa wakati uliopita. Nilikuwa nalewa. Nilikuwa nabeti. Nilikuwa na madem watatu na hakuna aliyejua mwenzake. Halafu Yesu akanipata, watu wanapiga makofi, jamaa wa kinanda anaingiza ile sauti ya chini chini, na stori inaishia hapo. Sijawahi kusikia mtu akisimama na kusema, "Alhamisi nilimdanganya mteja."

Sina shida na hizo shuhuda. Watu wametoka mbali, na wengine nawajua, nimeona na macho yangu vile walikuwa. Shida yangu ni pale zinapotuacha. Zinatufanya tuamini kuna mstari mahali, na ukishauvuka dhambi inabaki upande ule mwingine, kama matatu uliyoshuka ikaenda zake Kikuyu. Kwa hivyo Jumanne, saa tano usiku, uko kwa keja, simu iko mkononi, na kile kitu uliapa hutarudia kinakuita kwa jina, unabaki na maswali mawili tu. Kwani sikuokoka? Ama ilikuwa wokovu wa kuisha muda?

Nataka kuongea kuhusu hiyo Jumanne.

Naishi Kangemi. Kwa wale hamjui, ni hapo Waiyaki Way ukishapita Westlands, Loresho iko upande ule na nyua zao za maua, sisi tuko huku na mabati. Niliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya karo, stori ya siku ingine, na tangu hapo kazi yangu ni hii ya video na kuandika. Makanisa tuko nayo mengi mpaka spika zinagombana. Ukisimama katikati ya soko Jumapili asubuhi unaweza kupata mahubiri matatu kwa masikio mawili. Kwa hivyo hapa hakuna mtu hajui injili. Kila konda anaijua. Ile kitu watu wengi hawajui ni ufanye nini na injili ukishaokoka na bado uko vile uko.

Nina binamu. Sitataja jina lake, lakini amesoma hii kabla nyinyi kuisoma na akasema ni sawa. Ni wa boda. Aliokoka kwa krusedi, akalia kweli kweli, akafuta zile programu zote za kubeti kwa simu, akaanza kuja kanisani hadi ibada za katikati ya wiki. Miezi saba. Halafu siku moja ya mvua, hakuna wateja, wamejikinga pale kwa steji, mwenzake anacheza kale kandege. Mnakajua. Kandege kanapaa, namba inapanda, unatakiwa kutoa pesa yako kabla hakajaruka kakapotea. Akaweka shilingi 50. Kabla ya jioni alikuwa ameweka ya mafuta na ya mwenye pikipiki. Mwisho wa mwezi ilikuwa imefika mahali pabaya zaidi, nitarudi hapo.

Tusijifanye hii ni hadithi ya mtu mmoja. Tangu karibu mwaka wa 2014 kamari imehama kutoka kwa kasino za town ikaingia mfukoni mwa kila mtu, unalipa na M-Pesa ukiwa umelala kitandani. Mpaka Aprili 2025 bodi ya serikali iliyokuwa inasimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, redio, runinga, mabango, hata sisi watu wa mitandao. Siku 30. Mtu akiwa na kiu ya miaka kumi.

Lakini si kamari ndiyo iliniogopesha kwa binamu. Ni kile aliniambia nilipomuuliza mbona haonekani kanisani. Alisema, kwa utulivu kabisa, kama mtu anakuambia saizi ya viatu vyake, "Wokovu si wa watu kama mimi. Nilijaribu, ikakataa."

Ile utulivu ndiyo ilinitisha. Mtu akilia bado anatarajia kitu.

Nikamuuliza anaona Mungu vipi sasa. Akafikiria kidogo akasema anaona kama Fuliza. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kama hujui Fuliza wewe si wa Kenya, lakini basi: tangu 2019 ukikosa pesa kwa M-Pesa unakopeshwa hapo hapo, na pesa yoyote ikiingia baadaye, hata kama ni mama amekutumia ya dawa, inakatwa kwanza kabla uiguse. Ndivyo binamu alikuwa anaishi na Mungu. Akiomba, anahisi maombi yanakatwa deni. Akisoma neno, linakatwa deni. Kila kizuri anachofanya kinamezwa na cha jana, na salio halitoki kwa alama ya kutoa. Nani anaweza kuendelea kuweka pesa kwa laini kama hiyo? Mimi pia ningetoa hiyo laini nitupe.

Sasa nihame kidogo niwapeleke Uthiru, kwa shosho, hapo mbele tu ukielekea Kabete. Shosho ameokoka zaidi ya miaka 50. Ni Mwanglikana, lakini zaidi ya hapo ni wa ule ushirika wa wazee ambao Wakikuyu huwaita Ahonoki, waliookoka. Kila wiki wanakutana sebuleni kwa mtu. Magoti ya shosho yameanza kumsumbua, kwa hivyo mara nyingine mimi ndiye namsindikiza, nakaa nyuma na chai.

Siku ya kwanza nilienda nikitarajia kulala. Wakasoma kifungu, wakaombana, halafu wakaanza kushuhudia. Mzee mmoja, anakaribia miaka 80, mwenye koti ile ya kijivu ambayo nadhani walipewa wote, akasimama akasema wiki hiyo alimfokea askari wa geti mbele ya watu kwa sababu alichelewa kufungua, na akasema ndani yake alifurahia kumfokea. Kwamba alienda kumwomba msamaha Jumatatu. Akaketi. Wakaimba. Mama mwingine akasema ana wivu na dada yake ambaye watoto wake wamejenga. Wakaimba. Halafu shosho wangu. Shosho! Akasema alimwambia mpangaji wake tangi haina maji, na tangi ilikuwa na maji, ni vile tu alikuwa amekasirika juu ya kodi kuchelewa. Alisema amemfungulia mfereji na amemwambia ukweli.

Nilitafuta mahali pa kuangalia. Nilidhani mtu atashtuka, ama kuwe na ule ukimya wa kusengenyana. Hakuna. Wakaimba tu ule wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ambao wameimba miaka yote hiyo na nusu yao hawajui Kiganda, na ikaenda kwa mtu mwingine. Kwao ni kama kuoga. Hakuna mtu hushangaa umeoga tena leo na jana ulioga.

Nikaenda kutafuta hii kitu ilitoka wapi, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo, chuo kilinitoka lakini kusoma hakukutoka. Na manze, ni stori ya kwetu kabisa, haijaletwa na mtu wa suti nyeupe kutoka ng'ambo.

Mwaka wa 1929 pale Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili waliochoka. Mmoja ni Simeoni Nsibambi, Mganda. Mwingine ni Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote walikuwa Wakristo tayari, hiyo ndiyo muhimu. Kanisa lilikuwa kubwa, watu wamebatizwa, na wao wanaona kuna kitu kimekauka. Wakakaa chini na Biblia wakaomba. Kutoka hapo na kutoka Gahini, miaka ya 1930, moto ukawaka: walimu wa shule, wauguzi, wapishi, wamishenari, watu wanakiri mambo ya sasa hivi. Blasio Kigozi, mwalimu, ndugu ya Nsibambi, alikuwa anaenda huku na huku akiambia kanisa liamke, na akafa Januari 1936 akiwa bado kijana. Uganda waliitwa Balokole. Na sasa sikilizeni: mwaka wa 1937 timu yao ilikuja Kenya, na walikuja wapi? Kabete. Hapa. Mahali ningeenda na mguu nikikosa nauli.

Walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, linatoka kwa waraka wa kwanza wa Yohana. Maana yake si kwamba huna uchafu. Ni kwamba uchafu ukitokea unauleta kwa mwanga ukiwa bado ni mdogo, kwa Mungu na kwa yule uliyemkosea. Na hiyo ilivunja mambo makubwa. Wamishenari wazungu, wakati wa ukoloni ukiwa umeiva, wakakiri mbele ya Waafrika waliofanya kazi nao kwamba walikuwa wanajiona juu yao. Fikiria hiyo kwa Kenya ya miaka ile, mahali mzungu hata hakukaa benchi moja na wewe. Halafu dharura ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wa hao Ahonoki walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi pia wakakataa bunduki ya serikali. Wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi wakauawa. Unaweza kubishana nao kuhusu siasa, mimi mwenyewe hubishana na shosho hapo na hatujamaliza. Lakini hao hawakuwa watu laini. Hao ndio walikuwa wanasimama kila wiki kusema walimfokea askari wa geti.

Kuna kitu nataka tuone hapo. Sisi tunadhani mtu anayekiri dhambi ya wiki hii ni Mkristo dhaifu, na yule wa kukiri ya 2015 ndiye amekomaa. Wao walikuwa wanaona kinyume. Ukisikia mtu hana cha wiki hii, walianza kuwa na wasiwasi naye.

Na hawakuitunga wao. Paulo kwa Warumi sura ya saba anaongea juu ya kutaka kufanya mema na kujikuta anafanya yale anayoyachukia, na anaiweka kwa wakati uliopo. Wasomi wamegombana karne nyingi kama anaongea juu yake mwenyewe au juu ya mtu ambaye hajaamini. Mimi naona ni yeye, na ni mtume tayari, na simu hazikuwa zimevumbuliwa. Kuna pia ile ya mwiba: aliomba mara tatu uondolewe, na jibu halikuwa kuondolewa, jibu lilikuwa neema inatosha. Mwiba ukabaki.

Halafu Augustino. Huyu ni Mwafrika mwenzetu, wa pande za Algeria ya leo, na aliandika Maungamo yake karibu mwaka wa 400, akiwa askofu. Watu wanakijua kile kitabu kwa sababu ya ujana wake, wanawake na kadhalika. Sehemu ya kwanza ni ushuhuda kama wetu, nilikuwa, nilikuwa, nilikuwa. Lakini ukifika kitabu cha kumi anageuza wakati. Anaanza kusema yale yanayomsumbua sasa, askofu mzima: chakula, macho kuzurura, ndoto za usiku, na kupenda kusifiwa. Hiyo ya kusifiwa aliielewa vizuri mpaka akaona hata mtu anayejisifu kwamba hapendi sifa, bado ni sifa anatafuta. Nikisoma hapo nilifunga kitabu kidogo nikatembea kwa nyumba. Kazi yangu mimi inalipwa na macho ya watu. Kila asubuhi kuna kishawishi cha kuongeza stori chumvi kidogo ndio ikimbie, na kila asubuhi napaswa kukikataa upya, kwa sababu kile cha jana kilikataliwa jana.

Na kwa wale Wakatoliki wa Kangemi wanaosema haya ni mambo ya walokole: Papa Francis mwenyewe, aliyekuja hapa kwetu parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 27 Novemba 2015. Nilikuwa na miaka 12, nakumbuka barabara ikifagiliwa mpaka tukashangaa rangi yake. Miaka miwili kabla, kwa mahojiano, aliulizwa Jorge Bergoglio ni nani. Angeweza kujibu vitu vingi. Alisema ni mwenye dhambi. Hakusema alikuwa.

Sawa. Najua kuna mtu hapo anasugua mikono. "Kumbe hata Papa! Basi Ijumaa tuko Westlands, Jumapili tutatubu, Mungu anaelewa." Huyo mtu tunamjua wote, mara nyingine anatumia kioo chetu. Paulo alishakutana naye pia, na Warumi sura ya sita ndiyo jibu lake, ni sura ya kabla, soma.

Lakini jibu ambalo mimi napenda ni la hao hao Ahonoki na ndugu zao wa Rwanda na Uganda. Unajua moja ya mambo yaliyofanya majirani waamini kuna kitu kimetokea? Vitu vilirudi. Watu walirudisha walichoiba. Mtu anabisha hodi kwa mwajiri wake wa zamani na kifaa alichotoroka nacho, mwingine anarudisha mifugo, mwingine analipa deni ambalo mwenyewe alikuwa amesahau. Hiyo ndiyo tofauti. Neema ya "Mungu anaelewa" inakuacha na panga la wenyewe nyumbani. Neema yenyewe inakutuma ukalirudishe, na inatembea na wewe hadi kwa mlango, kwa sababu peke yako ungegeukia kona. Bahati tu, ni mwaka ule ule wa 1937, watu wakitoka Rwanda kuja Kabete, ndio Dietrich Bonhoeffer huko Ujerumani alichapisha kitabu chake dhidi ya neema rahisi. Hawakujuana.

Nisiwapambe sana. Hawa ndugu walikuwa na matatizo yao. Mwaka wa 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kilifukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwemo, na sisemi chuo kilikuwa sawa, lakini ukisoma unaona vijana wale pia walikuwa wameanza kupima wokovu wa wakubwa wao kwa sauti kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi moja Uganda likajitenga likisema wengine wamelala tena, na wakaanza kuwa wakali juu ya madeni na mitindo. Yaani hata watu wa neema wanaweza kugeuka watu wa kuhesabu. Na kukiri hadharani, wacha niseme wazi, kunaweza kugeuka udaku. Kuna mambo hayafai kusemwa mbele ya watu 30, haswa kama kwa hayo mambo kuna mtu mwingine ambaye hajakubali kutajwa. Nimeona mtu akienda laivu kutubu, akamtaja msichana. Hiyo si nuru. Nuru ilikuwa kwenda kwa huyo msichana, simu ikiwa imezimwa. Shosho ana kanuni yake hapo: dhambi ikiri kwa ukubwa wa wale ilioumiza. Ukimkosea mmoja, mmoja. Kanisa zima si lazima lile chakula chako.

Hii sasa ndiyo nilimpelekea binamu. Sikuenda na sura ya saba ya Warumi, angenifukuza. Nilimkuta anakula chapo na madondo kwa kibanda, nikamuuliza nyumbani wananunua unga vipi. Akasema ya kupima, kila jioni, kulingana na siku imeleta nini. Mafuta? Ya kupima. Stima? Tokeni za 50. Bando? Ya siku. Kangemi nzima tunaishi hivyo, kadogo kadogo, na hakuna mtu analala akilia ati unga wa Jumatatu ulishindwa kufika Alhamisi. Unarudi tu dukani.

Nikamwambia ile stori ya mana, kitabu cha Kutoka sura ya 16. Wana wa Israeli waliokota ya siku moja. Waliojaribu kuweka ya kesho, ikaoza, ikatoa mabuu. Mungu angeweza kuwapa magunia, kwani alikuwa anakosa? Alitaka warudi asubuhi. Nikamwambia, ile siku ya krusedi ulipewa neema ya kweli, haikuwa feki. Lakini ulidhani umepewa gunia. Ulipofika chini ya debe ukasema duka limefungwa.

Akatafuna kidogo. Akasema, "Lakini duka unalipa."

Nikamwambia hapo ndipo mfano wangu unaishia, hili halilipwi. Na halikati cha jana kwanza, kama Fuliza. Akasema hiyo ndiyo sehemu hawezi kuamini. Tukanyamaza. Sikuwa na jibu la kumshinda, na sidhani hii ni kitu mtu anashindwa nayo kwa mabishano.

Kile nilifanya ni kumwomba anisaidie kubeba shosho na pikipiki wiki hiyo. Ni kweli magoti yalikuwa mabaya. Ni kweli pia nilikuwa na ajenda, na shosho alikuwa anaijua. Binamu akamshusha, akataka kungoja nje, na shosho, ambaye hakubali mtu angoje nje kwa baridi ya Uthiru na chai iko, akamvuta na mkono akaingia. Kofia ya boda kwa magoti, anaangalia sakafu.

Ikaenda kama kawaida. Mzee wa koti la kijivu alikuwa na mambo na kijana wake kuhusu shamba. Mama mmoja alilia kidogo. Mtu hakumgusia binamu, hawana hiyo tabia ya kukuelekezea kidole. Kulikuwa na kimya kati ya nyimbo, na ndani ya hiyo kimya akasema, bila kusimama, "Mimi nilichukua pesa ya chama ya mke wangu. Elfu kumi na mbili. Ilienda kwa simu."

Nilikuwa sijui hiyo. Nilijua ya mafuta na ya pikipiki. Hiyo ya chama ndiyo ilikuwa imekaa ndani, ndiyo ilikuwa inamwambia ikakataa.

Hakuna aliyesema pole, hakuna aliyesema haleluya. Wakaimba ule wimbo. Halafu yule mzee akamuuliza kitu kimoja tu: mama watoto anajua? Akasema hapana, anafikiri mweka hazina ndiye amechelewesha. Mzee akasema, "Basi ni yeye, kijana. Sisi tumeshasikia." Na akamuuliza kama angependa mtu amsindikize.

Alikataa kusindikizwa. Alimwambia usiku huo, na haikuwa poa. Shemeji alihamia kwa dada yake Kawangware siku nne. Mweka hazina, ambaye alikuwa ameanza kusemwa mtaani, naye aliombwa msamaha, na mbele ya chama chote, kwa sababu kwa chama chote ndiko alikuwa amechafuliwa jina. Sasa hivi binamu anarudisha 200 kila siku akifunga kazi. Nilimuuliza kama alishawahi kugusa kandege tena tangu hapo. Akasema Ijumaa ya wiki ya pili aligusa, 50, ikaenda. Akampigia yule mzee simu usiku huo huo akiwa bado kwa steji. Mzee alikuwa amelala. Akaamka, akamsikiza, wakaomba, akamwambia aende nyumbani amwambie mama watoto ni 50, kabla hajalala.

Jumatano aliniuliza kama magoti ya shosho bado yanauma.